Ratiba ya safari za mbio ianze na yule asiyekimbia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kurasa za michezo hulipita kila msimu wa marathoni unapokaribia. Ushauri unaochapishwa kwa watu wanaosafiri kwenda kukimbia humlenga mkimbiaji peke yake: alale mapema, asizunguke mjini, avae viatu alivyokwisha kuvizoea, asijaribu kitu kipya siku ya mbio. Ni ushauri mzuri na sina ugomvi nao. Lakini wakimbiaji wengi husafiri na wenzi wao, na huyo mwenzi hatajwi popote, kana kwamba naye amepakiwa pamoja na mabegi. Mimi ni mmoja wa wenzi hao. Mume wangu hukimbia. Mimi sikimbii wala sina nia ya kuanza. Ninachopenda ni kukaa uwanjani na kutazama mechi, iwe ya soka, ya mpira wa kikapu au ya besiboli, na kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukichagua majiji ambayo kila mmoja wetu anapata chake. Rai yangu ni kwamba safari ya namna hiyo hupangika vizuri zaidi ikianzia kwenye tiketi ya mechi, kisha mambo ya mkimbiaji yakafuata, ilhali wengi hufanya kinyume chake.

Sisemi hivyo kwa upendeleo, ingawa sitakataa kwamba upendeleo nao upo. Tarehe ya mbio kubwa hujulikana mapema na haisogei kirahisi. Boston hukimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, New York Jumapili ya kwanza ya Novemba, Tokyo kwa kawaida Jumapili ya kwanza ya Machi. Mtu anaweza kuzitafuta kwenye kalenda ya mwakani bila kumuuliza yeyote. Zikivurugika, huwa ni kwa jambo zito, kama kimbunga Sandy kilichofuta mbio za New York mwaka 2012, au joto la Oktoba 2007 lililowalazimu waandaaji wa Chicago kusimamisha mbio huku maelfu ya watu wakiwa bado njiani. Mechi hazina utulivu huo. Ratiba ya Ligi Kuu ya Uingereza hutolewa katikati ya mwaka, mechi nyingi zikiandikwa Jumamosi saa 9 alasiri kwa saa za huko, kisha vituo vya televisheni huchagua zile vinazozitaka nazo husogezwa hadi Ijumaa, Jumapili au Jumatatu. Marathoni ya London hukimbiwa mwishoni mwa Aprili, na mwaka 2024 na 2025 wikiendi yake iligongana na nusu fainali za Kombe la FA zinazochezwa Wembley. Timu iliyofika hatua hiyo huahirishiwa mechi yake ya ligi. Shabiki aliyekata tiketi ya ndege kwa ajili ya mechi ile hujikuta yuko London wikiendi ambayo timu yake haimo uwanjani kwake. Kwa hiyo kinachohitaji kuchunguzwa kwanza, na kuchunguzwa tena baada ya miezi, ni mechi. Mbio zitasubiri mahali pake.

Iko sababu nyingine, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Kupata namba ya kukimbia katika majiji makubwa siku hizi ni kubahatisha. Zaidi ya watu 1,100,000 waliomba nafasi katika droo ya marathoni ya London ya mwaka 2026, ilhali waliomaliza mbio hizo mwaka 2025 walikuwa 56,000 na ushei, nao hao walikuwa wengi kuliko miaka yote iliyotangulia. Boston hudai muda wa kufuzu, lakini hata aliyefuzu hana uhakika, kwa kuwa waombaji wakizidi nafasi huchukuliwa wale waliopunguza muda mwingi zaidi chini ya kiwango cha umri wao. Kwa mbio za 2025 ilimlazimu mwombaji kuwa ndani ya kiwango kwa dakika 6 na sekunde 51. Hebu fikiria mtu amefanya mazoezi miaka mitatu, amekuwa ndani ya kiwango kwa dakika 6 kamili, kisha anaambiwa hapana. Safari iliyojengwa juu ya mbio pekee hufa siku ujumbe huo unapoingia, na watu wawili hubaki nyumbani kwa sababu ya sekunde 51 za mmoja wao. Iliyojengwa juu ya mechi haifi. Mkimbiaji husafiri kama shabiki, asubuhi hukimbia kilomita zake kando ya mto bila namba wala medali, na jioni huketi uwanjani pamoja na mwenzake. Ndivyo inavyokuwa pia akiumia goti wiki mbili kabla ya kuondoka, jambo ambalo katika nyumba za wakimbiaji wa mbio ndefu halihitaji kuelezwa.

Swali linalofuata ni lini mechi itazamwe, kabla ya mbio au baada yake. Hapa nakubaliana na washauri wenu: kabla ya mbio siyo. Siku mbili za mwisho mkimbiaji hana miguu ya kumpa mtu mwingine. Namba yake hukabidhiwa yeye mwenyewe akiwa na kitambulisho, hairuhusiwi kuchukuliwa na mke wala rafiki, na katika mbio kama za London na Boston haitolewi siku yenyewe ya mbio. Hivyo lazima aende kwenye ukumbi wa maonyesho, asimame foleni, apite katikati ya wauza viatu, arudi. Ukiongeza juu ya hayo uwanja wenye ngazi mia na foleni ya ukaguzi langoni, kesho yake utamwona akitembea kilomita kumi za mwisho. Kwa kipindi hicho mwenzi aende uwanjani peke yake, na wala pasiwe na kununiana. Mtu mzima anaweza kutazama mechi bila mwenzake na akarudi salama.

Baada ya mbio mambo hubadilika kabisa. Mkimbiaji hana kazi tena, hatakiwi kufanya lolote, na kitu anachokitaka kuliko vyote ni kiti. Mechi ya jioni ya kesho yake humpa saa mbili au tatu za kukaa bila kuonekana mvivu. Shida huwa ni ngazi, hasa za kushuka: misuli ya mapaja hulazimika kujizuia huku ikinyooshwa na uzito wa mwili, na baada ya kilomita 42 na mita 195 misuli hiyo ina majeraha madogo madogo yanayouma zaidi siku ya pili na ya tatu kuliko siku ya mbio yenyewe. Mume wangu hushuka ngazi za uwanja kinyumenyume akiwa ameshika reli kwa mikono miwili, na kila mara huwa kuna mtu anayedhani ni mzaha. Kwa hiyo ninapochagua viti huangalia kwanza mlango uko wapi, na goli liko wapi huja baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo sitamshauri mtu yeyote aliyemaliza marathoni ya Berlin asubuhi ampeleke mwenzake jioni kwenye uwanja wa timu ya soka ya Union Berlin, hata kama ameipata tiketi, kwa maana kati ya nafasi takribani 22,000 za uwanja ule zaidi ya 18,000 ni za kusimama. Bora waende Olympiastadion, ambako kuna viti, na ambako mpenzi yeyote wa riadha ana la kutazama hata siku isiyo na mechi: hapo ndipo Jesse Owens alipotwaa dhahabu nne mwaka 1936, na Usain Bolt akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mwaka 2009.

Lipo jiji moja ambalo halihitaji hesabu ya kabla na baada, nalo ni Boston. Siku ya marathoni ni sikukuu ya jimbo la Massachusetts, na kwa desturi ya miaka mingi timu ya besiboli ya Red Sox hucheza nyumbani Fenway Park asubuhi ile ile, mechi ikianza karibu na saa 5. Wakimbiaji wa kawaida huondoka Hopkinton, mji ambako mbio huanzia, kundi baada ya kundi kuanzia saa 4, wakivuka miji midogo kuelekea katikati ya Boston, na takribani kilomita ya 40 hupita Kenmore Square, ambayo kutoka langoni mwa Fenway ni mwendo mfupi tu wa miguu. Mkimbiaji anayemaliza mbio kwa muda wa saa nne, aliyeondoka kabla kidogo ya saa 5, atapita hapo baada ya saa 8 na nusu mchana. Zamani mwenzi wake angekuwa na wasiwasi, kwa kuwa besiboli haina kipindi maalumu cha kumalizika na mechi ya Ligi Kuu ya Marekani mwaka 2022 ilichukua kwa wastani zaidi ya saa tatu. Mwaka 2023 ligi iliweka saa inayombana mrushaji asichelewe kati ya mrusho mmoja na mwingine, na wastani ukashuka hadi takribani saa 2 na dakika 40. Mageuzi yale yalizua kelele nyingi miongoni mwa wahafidhina wa mchezo huo, lakini kwa mwenzi wa mkimbiaji yamekuwa ni zawadi, maana anaweza kutazama mechi mpaka mwisho, akatoka nje taratibu, na bado akamkuta mtu wake akiwa hajapita.

Mvua ndiyo inayoweza kuharibu mpango huo, na mara zote huharibu upande wa mtazamaji. Mwaka 2018 upepo na mvua ya baridi viliwapiga wakimbiaji usoni njia nzima. Mbio zilikimbiwa hivyo hivyo, Yuki Kawauchi wa Japani na Desiree Linden wa Marekani wakashinda, lakini mechi ya Fenway iliahirishwa. Besiboli haichezwi mvuani. Hilo linamaanisha kwamba asiyekimbia anapaswa kuwa na siku moja ya akiba baada ya mbio. Mimi huiita siku hiyo yangu, na tiketi ya kurudi haikatwi kabla haijapita.

Sisi tunaosoma magazeti ya Kiswahili tuna sababu yetu wenyewe ya kusimama Boylston Street, penye utepe wa kumalizia mbio za Boston. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda Juma Ikangaa wa Tanzania hapo kwa sekunde moja tu, na Ikangaa akamaliza wa pili tena mwaka 1989 na 1990, ingawa New York alishinda mwaka huo wa 1989. Mwaka 2025 Alphonce Simbu wa Tanzania alikuwa wa pili Boston, kisha Septemba akatwaa dhahabu ya dunia Tokyo baada ya kumzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03, mbio za kilomita 42 zikiamuliwa na picha ya mstari wa mwisho. Zile za Tokyo zilimalizikia ndani ya uwanja wa taifa, kwa hiyo aliyekuwa amekaa kwenye kiti alikiona kile ambacho aliyejipanga barabarani alikisikia tu.

Majiji mengine nitayapitia kwa haraka. New York ndiyo rahisi kupita yote, kwa kuwa mwanzoni mwa Novemba ligi ya mpira wa kikapu na ile ya magongo ya barafuni zote zimekwisha kuanza, na ukumbi wa Madison Square Garden huwa na mechi karibu kila siku ya pili au ya tatu. Isitoshe, saa hurudishwa nyuma usiku wa kuamkia mbio, na wote wawili hupata saa moja ya ziada ya kulala. Chicago inadanganya. Watu huona Oktoba, huona uwanja wa Soldier Field uko hatua chache kutoka Grant Park ambako mbio huanzia na kuishia, wakadhani mechi ya Bears, timu ya jiji hilo ya futiboli ya Kimarekani, imo kwenye mpango. Lakini katika ligi ile kila timu hucheza mara moja kwa wiki, mara nyumbani mara ugenini, na ina wiki moja ya mapumziko. Besiboli nayo wakati huo imefika kwenye mtoano, ambako hakuna ajuaye nani atacheza wapi mpaka siku chache kabla. Tokyo huwaponza wapenzi wa sumo, mieleka ya Kijapani. Mashindano makuu yanayofanyika jijini humo ni ya Januari, Mei na Septemba. Yale ya Machi hufanyika Osaka, nayo huanza Jumapili ya pili ya mwezi. Anayeyataka itambidi abaki Japani wiki nzima baada ya marathoni, kisha apande treni. Kwa maoni yangu inastahili, na mkimbiaji atakuwa amekwisha kupona kiasi cha kuweza kushuka ngazi akitazama mbele.

Ningependa pia gazeti lako lisisahau kwamba kutazama mbio zenyewe ni kazi. Mwenzi anayekwenda kusimama popote, kwa kufuata watu, humwona mtu wake kwa sekunde tano au hamwoni kabisa. Anayejua hufanya hesabu. Mkimbiaji wa saa nne hutumia dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita, kwa hiyo New York atapita First Avenue, kama kilomita ya 27, saa mbili na nusu baada ya kuanza, na Fifth Avenue, kama kilomita ya 37, saa moja hivi baadaye. Mtazamaji ana muda wa kutosha kuvuka kwa miguu kutoka barabara moja hadi nyingine. London ipo barabara iitwayo The Highway, mbele kidogo ya Tower Bridge, ambako wakimbiaji hupita karibu na nusu ya mbio na kurudi tena wakiwa wamebakiza kama kilomita saba, na mtu aliyechagua mahali pazuri hageuki ila kichwa. Programu za simu zinazofuatilia mkimbiaji husaidia, lakini zisiaminiwe kupita kiasi: chipu anayovaa mkimbiaji husomwa kwenye mikeka iliyotandazwa njiani, mara nyingi kila kilomita tano, na katikati ya mkeka mmoja na mwingine nyingi hukisia tu. Mtu amekaa chini anakandwa mguu, simu inaonyesha anaendelea kukimbia. Halafu kuna vituo vya treni vinavyofungwa, kama Copley iliyo karibu kabisa na utepe wa Boston, ambayo hufungwa siku nzima ya mbio. Habari za namna hii ni nadra kuziona gazetini, na ndizo zinazoamua kama mwenzi atamwona mtu wake au atashinda kutwa nyuma ya migongo ya watu.

Najua watakuwapo wakimbiaji watakaosema kwamba mechi huwatoa kwenye umakini, na kwamba marathoni haikubali kugawana wikiendi na kitu kingine. Hoja hiyo naisikia pia nyumbani. Kwa Kelvin Kiptum wa Kenya, mkimbiaji wa kulipwa aliyekimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, ilikuwa sahihi, kwa kuwa alikuwa kazini. Mtu anayekimbia kwa saa nne na nusu, anayejilipia mwenyewe na anayetumia likizo ya watu wawili, hana mwajiri anayemdai umakini wa siku tano. Anachodaiwa ni siku mbili za utulivu kabla ya mbio, na hizo anapewa. Zinazobaki ni za wote wawili. Wapo pia wenzi wasiopenda mbio wala mechi, nao hao siwasemei. Watafute maktaba, makumbusho au usingizi.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo na halihitaji mwandishi wa ziada. Gazeti linapochapisha kalenda ya marathoni za mwaka, kando ya kila tarehe liandike ni michezo gani mingine iliyo katika msimu jijini humo wiki hiyo, na lini ratiba zake hutolewa, ili msomaji ajue asikate tiketi ya ndege kabla ya mwezi fulani. Wiki ya mbio yenyewe, zile aya za ushauri wa kulala mapema zipunguzwe kidogo, na katika nafasi hiyo zichapishwe sehemu mbili au tatu za kusimama, saa ambazo makundi huondoka na vituo vya treni vitakavyofungwa. Mnaweza kuanza na Boston ya Aprili ijayo, kwa kuandika muda wa kuondoka kwa kila kundi pale Hopkinton na, mstari wa chini yake, muda wa kuanza kwa mechi ya Fenway.

Wako katika michezo,
Msomaji na mke wa mkimbiaji